Lalamiko la Mwenye Mlango

Jumatatu hiyo Patrobas alipangusa mkono wa simu mara tatu kabla ya saa nne, na mara zote tatu ukalowa tena.

Kwanza alidhani ni jasho lake. Akakitazama kiganja chake, kikavu. Akaugeuza mkono wa simu juu chini, na kutoka kwenye vile vitundu vya kusikilizia yakadondoka matone mawili ya maji, yakatua kwenye kitabu cha malalamiko. Yalikuwa baridi kama yametoka mtungini.

"Madam," aliita, "hii simu inavuja."

Muhonja, msimamizi wa ofisi ya wateja, hakuinua macho. "Simu haivuji, Patrobas. Umeweka chai karibu."

"Chai gani? Leo sijaonja hata maji."

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa tisini na saba. Kampuni yao iliitwa Ukingo Maji, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili kwenye jengo moja la Jogoo Road, madirisha yakitazama mapaa ya Makongeni. Kazi yao ilikuwa kuchimba visima vya mashine kule Njiru, ambako watu walikuwa wakijenga kwa kasi na mabomba ya jiji hayajafika, kisha kuwavutia maji mpaka kwenye ploti zao. Maji yenyewe yalikuja yakitaka. Wateja walipiga simu, walikuja kwa miguu, waliandika barua, na malalamiko yao yalifia mezani kwa Patrobas. Patrobas alikuwa na sauti tamu, mwimbaji wa kwaya, na alijua kusema "Usijali mama, tutakujibu" hivi kwamba mtu aliweka simu chini akiwa ameridhika, na hajibiwi milele.

Mwezi wa pili mzee mmoja alipanda ngazi na mtungi wa lita ishirini, akamimina maji ya tope katikati ya ofisi ya meneja, Bwana Nyamai, juu ya zulia. Siku hiyo hiyo Nyamai alimwita Muhonja. "Nitengenezee utaratibu," alisema. "Sitaki kumwagiwa tope tena."

Muhonja alikaa majuma mawili akiuandika, sehemu ofisini, sehemu nyumbani kwake Makongeni baada ya kuosha vyombo. Ulikuwa utaratibu mzuri, na aliuonea fahari. Lalamiko likiingia linaandikwa kwenye fomu nyeupe, na karani ana siku tatu za kulijibu. Zikipita, linapanda kwa Muhonja kwenye fomu ya manjano, siku nne. Zikipita hizo, linapanda kwa meneja kwenye fomu nyekundu, siku saba. Na kila mara mteja aambiwe jina la mtu aliyeshika lalamiko lake na siku atakayojibiwa. Aliupiga taipu, akaubandika ukutani karibu na simu.

"Ukisema siku tatu, ni siku tatu," alimwambia Patrobas. "Hii si ile ya zamani ya kudanganya watu."

"Sawa, Madam. Neno ni neno."

Saa sita mchana simu ililia. Patrobas alifunga leso yake kwenye mkono wa simu kabla ya kuuweka sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ya mbali, kama mtu anayeongea katika chumba kisicho na kitu ndani.

"Mmeziba mlango wangu."

"Mlango wa nyumba, mama? Hapa ni watu wa maji."

"Nawajua nyinyi ni nani, mwanangu. Mmeziba mlango wangu kule Njiru, kwenye machimbo ya mawe. Naomba jibu."

"Jina lako, mama?"

"Andika mwenye mlango."

Patrobas alimkonyezea Muhonja jicho, akaandika. "Haya, mwenye mlango. Utajibiwa ndani ya siku tatu. Hiyo ni ahadi."

"Ni ahadi yako wewe, Patrobas?"

"Yangu mimi," alisema akicheka, akaweka simu. Kicheko kilikatika njiani. Alitazama ule utaratibu ukutani, pale palipoandikwa kwamba mteja aambiwe jina. Alikuwa hajamwambia bado.

Fomu nyeupe ilishuka kwa Kyule, mkuu wa mafundi, mtu wa Machakos aliyekuwa amechimba visima miaka kumi na sita. Jioni ilirudi na maneno mawili: Hakuna tatizo. Yule mama hakuwa ameacha nambari ya simu, na Patrobas hakuona wa kumtafuta. Aliitia fomu kwenye droo.

Alhamisi, saa sita mchana kamili, simu ililia tena. Muhonja alikuwa hatua tano kutoka pale. Alimwona Patrobas akiuinua mkono wa simu, akisikiliza, akifumbua mdomo ili aseme lile neno lake tamu. Badala ya neno yakatoka maji.

Yalitoka polepole kwanza, yakimtiririka kidevuni, kisha kwa wingi, maji ya kijivu yenye chembechembe za mawe, yakilowesha shati na tai na kitabu cha malalamiko, na harufu ikaenea ofisi nzima, harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi na ya maji yaliyolala gizani muda mrefu bila kuguswa na mtu. Patrobas hakuzama. Alikuwa akipumua kwa pua, macho yamemtoka. Alipofunga mdomo maji yalikoma. Alipoufumbua aite, yakaanza upya.

Mkono wa simu ulikuwa ukining'inia, unazunguka. Muhonja hakujua kwa nini aliushika. Labda ni mazoea.

"Siku tatu zimekwisha," ile sauti ilisema kwa upole. "Sasa ni nani?"

"Sasa ni mimi," Muhonja alisema.

"Jina lako, mwanangu?"

"Muhonja."

"Siku ngapi?"

Aliangalia karatasi yake mwenyewe ukutani. "Nne."

"Ahadi?"

Nyuma yake Patrobas alikuwa akilia bila sauti, maji yakidondoka sakafuni, tone kwa tone. "Ahadi," Muhonja alinong'ona.

Madaktari walimchunguza Patrobas koo na mapafu, wakasema hawaoni kitu. Mkewe, Khavere, alimchukua nyumbani na beseni mapajani.

Muhonja alimkuta Kyule stoo, anasafisha spana kwa mafuta. Alisimama karibu naye na kusema kwa sauti ya chini, maana mle ndani hata mafundi walikuwa wameanza kunong'ona. "Kyule, kule Njiru machimboni. Kuna mtu tulimzibia mlango?"

Mkono wa Kyule ulisimama kidogo juu ya spana, ukaendelea. "Kule hakuishi mtu, Madam. Ni mawe."

"Sikukuuliza kama pana mtu. Nimeuliza kama mliziba kitu."

"Nimeshaandika kwenye fomu," Kyule alisema, asimtazame. "Hakuna tatizo."

Jumamosi alasiri, jua likiwaka, Muhonja alikuwa anaanika nguo uani. Bintiye Triza, wa miaka tisa, alikuwa ameinama kwenye mfereji wa ua, sikio karibu na mdomo wa bomba. Mfereji huo ulikuwa mkavu tangu Jumatano.

"Triza, unafanya nini hapo?"

"Naongea na shosho, Mama."

"Shosho gani? Bibi yupi?"

"Huyu." Mtoto aligonga bomba kwa ukucha. "Ana adabu. Anauliza umebakisha siku ngapi. Nimemwambia sijui, akasema mbili."

Muhonja alimvuta kwa mkono mpaka ndani, akafunga mlango, akajaza matambara chini yake mchana kweupe, majirani wakimtazama. Kesho yake, kanisani, wakati wa ule ukimya mrefu ambao waumini wa kanisa lao la Marafiki hukaa wakimngoja Roho, alisikia tone likidondoka mahali fulani nyuma ya benchi lake, na tone la pili, na alijua bila kugeuka kwamba hakuna bomba mle. Alijaribu kuomba. Aliogopa kufumbua mdomo.

Jumatatu asubuhi, kabla siku zake nne hazijaisha, alijaza fomu nyekundu.

Alijua anachofanya. Hilo baadaye hakuweza kulikana hata kwa nafsi yake. Aliingia kwa Bwana Nyamai, akamkuta anakula mandazi, akaiweka fomu mbele yake.

"Mwenye mlango!" Nyamai alicheka. "Huyu ni nani?"

"Ni mteja mmoja wa Njiru, Mkubwa. Ni mkali kidogo."

"Na Patrobas anaendeleaje na koo lake?"

"Anatibiwa."

Hakusema zaidi. Nyamai alipangusa vidole, akatia sahihi pale palipoandikwa kwamba yeye binafsi atajibu ndani ya siku saba. Muhonja alipotoka alihisi koo lake likifunguka kama kamba imelegezwa, akaenda chooni akalia kwa aibu.

Juma lile walimsikia Nyamai kupitia ukuta. Jumanne alikuwa anafoka, "Mama, mimi nina kazi!" Jumatano alifoka tena, lakini alinyamaza katikati. Alhamisi aliita fundi wa bomba, akamwonyesha zulia lililolowa chini ya meza yake, na fundi akagonga ukuta wote akasema hapapiti bomba lolote. Ijumaa sauti yake ilikuwa imegeuka mnong'ono, ndiyo mama, nimekuelewa mama, na Muhonja, akiwa na mkono juu ya kitasa, alitaka kuingia amwambie yote, akakumbuka mdomo wa Patrobas, akauondoa mkono.

Jumatatu, saa sita mchana, maji yalianza kutoka chini ya mlango wa meneja.

Hayakuja kwa kishindo. Yalitanda kimya juu ya sakafu iliyopigwa polishi, ya kijivu, yakazunguka miguu ya viti na ya meza, na wafanyakazi wakarudi nyuma mpaka dirishani, wakiinua viatu vyao mmoja baada ya mwingine kama kuku kwenye matope, hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameifunga midomo yake kwa nguvu bila kuambiwa, na Muhonja aligonga mlango, akaita, akagonga, mpaka Kyule alipokuja akauvunja kwa bega. Bwana Nyamai alikuwa ameketi kitini pake, mikono mezani, kalamu kidoleni. Mdomo wake ulikuwa wazi na maji yalimtoka kama mfereji ulioachwa. Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa yakihama kutoka uso mmoja hadi mwingine, na yalipofika kwa Muhonja yakakaa hapo.

Simu ya mezani ililia. Kila mtu alimtazama Muhonja.

"Siku saba zimekwisha," ile sauti ilisema. "Juu yake ni nani?"

"Hakuna, mama. Yeye ndiye wa mwisho."

"Utaratibu huu umeuandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaweka siku. Ukaweka majina. Mtu wa kunijibu hukumweka." Nyuma ya maneno yake maji yalisikika yakigusa jiwe. "Basi nitashuka. Nitaanza na wewe, kisha kila mmoja mpaka nyumbani kwake, nibishe hodi kwa wakubwa na wadogo. Nakupa siku moja. Kesho saa sita."

Kyule alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia. Muhonja alipoweka simu chini alimwona amekuwa na rangi ya majivu. Alimfuata mpaka kwenye ngazi za jengo, na hapo, amejishikiza kwenye chuma cha ngazi, Kyule akasema, "Madam, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeziba." Alikuwa ananong'ona huku akiangalia nyuma. "Mwezi wa kumi na moja tulikuwa tunachimba kule machimboni, mashine ikaanguka ndani, kama imekosa ardhi. Tukapanua. Chini kulikuwa na chumba, Madam. Chumba kizima ndani ya jiwe, kina maji yametulia kabisa, na ngazi za mawe zinashuka mpaka ndani ya maji. Si ngazi za kuchongwa na chuma. Pembeni kulikuwa na bakuli zimepangwa. Safi. Kama watu wanataka kula. Mlinzi wa pale akaniambia, fundi, hapa pana mwenyewe, ondokeni. Lakini mkubwa alitaka kisima kabla mwezi haujaisha. Nikaleta zege, lori zima. Tukamimina."

"Mungu wangu."

"Lilipojaa, tukasikia kunagongwa kutoka chini. Mara tatu. Kama mtu anayebisha hodi."

"Na ukaniandikia hakuna tatizo?"

"Ile fomu ilikuwa na mstari mmoja, Madam. Ningeandika nini?"

Wakati Nyamai alikuwa akipelekwa hospitali, wao wawili walikwenda mtaa wa Majengo, kwa sababu siku chache nyuma Khavere alikuwa amemtumia Muhonja habari: hospitali imeshindwa, mchungaji ameshindwa, Patrobas yuko kwa mama mmoja anayesomea watu dua.

Mama huyo aliitwa Jawahir. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, si mbali na soko la Gikomba. Asubuhi aliuza mahamri, mchana alisomea wagonjwa. Muhonja alisita mlangoni. Tangu azaliwe hakuwahi kuingia nyumba ya namna hiyo, na moshi wa ubani ulimfanya afikirie mama yake mzazi angesema nini. Kisha akamwona Patrobas amelala kwenye mkeka, amekonda, beseni kando, Khavere ameshika mkono wake. Akavua viatu akaingia.

Jawahir alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Huyu siwezi kumfukuza," alisema.

"Kwa nini, Mama?" Muhonja aliuliza. "Tutakupa chochote."

"Weka hicho chochote chako. Nimemsomea siku nyingi. Majini wengine ukiwasomea wanapiga kelele, wanatukana. Huyu nikisoma, nikimaliza, namsikia kwenye koo la huyu kijana anaitikia amina." Khavere alifunika uso. Jawahir alishusha sauti. "Mnanielewa? Hakuvunja mlango wa mtu kuingia. Mlimpa ahadi, mkampa na jina, akaingia kwa ahadi. Mimi nitamtoaje mtu mwenye haki yake?"

"Tufanye nini, basi?"

"Ulichofunga, kifungue. Na aliyefanya aende aseme kwa kinywa chake. Karatasi hasomi."

Kyule alikuwa ametazama chini. "Nikisema, atanifanya nini?"

Jawahir alivua miwani. "Hilo, baba, sijui."

Kesho yake saa tatu waliondoka na pikapu ya kampuni yenye viti vya nyuma. Mulama, dereva, aliambiwa tu kwamba wanakwenda kurekebisha kisima. Jawahir alikaa mbele. Muhonja na Kyule walikaa kiti cha nyuma, wameachiana nafasi ya mtu mmoja katikati, na nje, kwenye bodi ya mizigo, Khavere alimshikilia Patrobas kati ya nyundo na mitaimbo. Kangundo Road ilikuwa vumbi tupu. Hapakuwa na wingu.

Machimboni vijana walikuwa wakichonga mawe upande wa pili. Lile zege lilikuwa bamba la kijivu lenye upana wa chumba, na katikati yake paipu ya chuma. Kyule alivua koti. Alichukua nyundo kubwa, akaiinua, akapiga.

Kutoka chini kukagongwa mara moja.

Mulama aliangusha mtaimbo, akarudi mpaka kwenye gari na hakusogea tena. Kyule alibaki. Alipiga, kukagongwa. Alipiga, kukagongwa, na kadiri zege lilivyopasuka ndivyo kule chini kulivyopokea upesi zaidi, hata ikawa huwezi kujua ni yeye anayepiga au ni wa chini, jasho likimtoka mgongoni, Jawahir akisoma kwa sauti ya kunong'ona bila kupumzika, Patrobas amekaa juu ya jiwe akitetemeka na maji yakimdondoka mdomoni hata bila kuufumbua, na saa ya mkononi mwa Muhonja ikikaribia saa sita dakika kwa dakika, naye akiitazama huku anahisi nyuma ya ulimi wake ladha ya jiwe ikianza kupanda, baridi, kidogo kidogo, mpaka ghafla bamba lilimeguka, kipande kikubwa kikaanguka ndani, na wakangoja wasikie kikitua.

Hakikutua. Hewa baridi ilipanda kutoka kwenye shimo. Nyundo za wale vijana wa upande wa pili zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Sasa," Jawahir alisema.

Kyule alipiga magoti ukingoni. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ni mimi. Ni mimi Kyule. Niliona bakuli zako, nikajua pana mwenyewe, nikaziba."

Kutoka ndani ikaja ile sauti ya upole, safari hii bila simu. "Ulinisikia nikibisha?"

"Nilikusikia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda nyumbani."

"Ukala?"

"Nilikula. Nikalala."

"Nimesikia," ile sauti ilisema.

Muhonja naye alikuwa na lake la kusema. Alijua mahali lilipo, chini ya koo, jambo la fomu nyekundu na la mtu aliyekuwa akila mandazi bila kujua. Lakini ladha ya jiwe ilikuwa imeanza kumtoka ulimini, hewa ilikuwa tamu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akalimeza.

"Khavere."

Wote waligeuka. Patrobas alikuwa amesimama. Kidevu chake kilikuwa kikavu. "Khavere," alisema tena, kwa sauti iliyokwaruza kama ya mtu aliyeamka usingizini, na mkewe akamwangukia kifuani akilia kwa nguvu. Ng'ambo, nyundo za wachonga mawe zikaanza tena. Baadaye walikuja kujua kwamba saa hiyo hiyo, kitandani hospitalini, Bwana Nyamai alikuwa ameomba uji.

Jawahir aliwazuia wasizibe tena kitu. Kyule alipanga mawe kuzunguka shimo ili mtu asije akatumbukia, akakusanya vifaa. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza kuonekana hivyo tangu hayo yaanze. "Kumbe ni kusema tu," alimwambia Muhonja. "Ningejua ningesema zamani." Akatangulia kwenda kwenye gari, nyundo begani.

Muhonja alimfuata, Jawahir kando yake, na ndipo alipoona mchanga. Viatu vya Kyule vilikuwa vikiacha alama za kawaida, kavu. Kando yake, hatua kwa hatua, zilikuwa zikitokea alama nyingine, nyayo ndogo za miguu mitupu, za mtu mzima mwenye mguu mwembamba, zimelowa. Ilitokea moja, ikafuata nyingine, jua likizikausha nyuma huku mpya zikija mbele. Alifumbua mdomo amwite. Jawahir alimshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma, akatikisa kichwa.

Zilikwenda mpaka kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, hapo zikakoma.

Mulama aliwasha gari. Khavere na Patrobas walikuwa tayari wamepanda kwenye bodi, wanacheka na kulia. Hapakuwa na nafasi nyingine. Muhonja alipanda akaketi mahali pake, amejibana kwenye dirisha, mikono mapajani. Kyule alipanda upande wa pili, akafunga mlango, bado anatabasamu, anaongea juu ya chakula cha mchana. Kisha, katikati ya maneno, bila kutazama, alijisogeza dirishani kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake akae vizuri.

Gari likaondoka. Kwenye kiti, kati yao, kitambaa kilikuwa kikianza kuloa.